Mwalimu Aliyengojwa Sur Akafikia Nizwa

Mmeniuliza sana, na kila mmoja wenu nimemjibu nusu, kwa sababu kila nikianza kusimulia Bakari huingia sebuleni nami nikabadilisha maneno. Sasa amekwenda Malindi kumwona binti yetu Zuhura na mjukuu, kwa hiyo nimekaa niandike. Kabla hajapanda basi nilimwambia nitaandika. Akasema, "Andika, lakini usinifanye mpumbavu." Nimejaribu.

Habari za pasi na ndege nawaruka. Mnanijua: mimi ni Nuru, nimewafundisha Kiingereza wasichana wa Mombasa tangu bendera ya Mwingereza haijateremshwa. Wakati ule Oman ilikuwa ikifungua shule kila pembe, na walimu wakiokotwa popote walipo. Mimi niliokotwa nikafundishe shule ya wasichana Sur, mji wa pwani, mashariki ya nchi. Sharti lilikuwa moja, nisafiri na mahrimu, yaani mwanamume wangu wa halali.

Mume wangu Bakari ni fundi cherehani. Duka lake la Kibokoni lilikuwa limepoa tangu watu wazoee nguo zilizoshonwa tayari. Kila asubuhi alikwenda kufungua mlango, akapangusa cherehani, akakaa kungoja. Kwa hiyo alikuwa na nafasi. Mimi nilikuwa mwajiriwa, na yeye alikuwa ruhusa yangu ya kutembea. Hivyo ndivyo tulivyoondoka. Tulivyofika ni habari nyingine.

Maskati hadi Nizwa

Dereva aliyetumwa kutuchukua aliitwa Khalfan, Mwomani aliyezaliwa na kukulia Tabora, na aliposikia tunasema Kiswahili alifurahi kama aliyeokota pete. Akamfungulia Bakari mlango wa mbele wa Landrova.

"Karibu mwalimu, kaa mbele uone nchi."

Mimi nikapanda nyuma na masanduku. Bakari akageuka kutaka kusema neno, nikamwashiria aliache. Nilidhani ni adabu tu, kama kwetu tunavyomwita mtu mzee kabla hajazeeka.

Jina langu ndilo lililotuponza. Kwetu Nuru ni mwanamke. Kule Nuru anaweza kuwa yeyote, na zaidi huwa mwanamume. Kulikuwa na shule mbili zinazongoja mwalimu wa Kiingereza: ya wasichana Sur, na ya wavulana Nizwa, mji wa bara milimani. Mtu mmoja ofisini, ambaye sikumwona wala sitamwona, alisoma jina langu akaona haifai kumpeleka mwanamume kwenye shule ya wasichana. Akalinda heshima ya wasichana wa Sur kwa kunipeleka Nizwa. Haya niliyajua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba milima inazidi, mitupu isiyo na jani, kama imechunwa ngozi, na harufu ya bahari siisikii.

"Khalfan," nikauliza, "bahari iko wapi?"

"Nyuma yetu, mama."

"Na Sur si iko pwani?"

"Pwani kabisa. Samaki wa Sur, mama, hana mfano."

Alinijibu ukweli mtupu. Hakuna aliyemwuliza kama tunakwenda Sur.

Tulifika Nizwa saa nne za asubuhi, jua limeshapanda. Niliona mnara mnene wa ngome, mitende, na soko la wanyama ambako mbuzi walikuwa wakizungushwa mbele ya wanunuzi. Khalfan akasimamisha gari mbele ya kiwanja chenye mahema na banda la makuti ya mtende. Mwalimu mkuu akatoka mbio, mtu mnene mwenye suti na jasho, Mmisri jina lake Ustadh Fathi. Akamkumbatia Bakari. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akamwuliza kwa Kiarabu, kwa huruma, "Taabani?"

Kwa Waarabu neno hilo maana yake umechoka. Kwetu sisi mtu taabani ni wa kusomewa Yasini. Bakari akaona ametiliwa shaka afya yake hata kabla hajanywa maji, akajibu kwa Kiarabu chake cha dukani kwamba sisi si taabani hata kidogo, alhamdulillahi, tuna nguvu zetu zote.

Ustadh Fathi akafurahi. Mwalimu aliyesafiri safari yote ile na hakuchoka hajawahi kumpata. Akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja darasani.

Mimi nilibaki kiwanjani na masanduku. Mwalimu mkuu aliporudi nilimkabili kwa Kiarabu changu cha chuoni, kile cha kuhitimishia msahafu, nikamwambia mwalimu ni mimi. Akaweka mkono kifuani, akainama. Akasema ndiyo, mama ndiye mwalimu wa kwanza wa kila nyumba, Mungu anilipe. Khalfan alikuwa ameshawasha gari, anawahi safari nyingine. Nikaonyeshwa nyumba yetu, iliyopakana na shule, nikafunguliwa mlango, nikaachwa.

Adhuhuri Bakari alirudi. Alikuwa na chaki mpaka kwenye nyusi.

"Umewafundisha nini?" nikamwuliza.

"Shati."

"Shati lipi?"

"Shati lote. Kola, kafu, poketi, batani." Hicho ndicho Kiingereza chake, alikipata zamani akiwashonea maofisa wa Kiingereza. "Wameshika vizuri. Mmoja ana mvi."

Nizwa, darini

Nilidhani ni mchezo wa siku moja. Nilimwambia aende kesho asubuhi amweleze mwalimu mkuu. Akasema atakwenda. Kesho yake alikwenda, akafundisha suruali.

Ili msinione mjinga, nawaambia nilivyoona mimi. Dari ya nyumba yetu, yaani paa bapa la juu, ilikuwa na ukuta wa kimo cha kifua, na chini yake ndipo kilipokuwa kiwanja cha shule. Hakuna mwalimu mgeni aliyeitazama shule ile vizuri kama mimi, na hakuna aliyeitazama akiwa na kazi ndogo kuliko yangu. Asubuhi wanafunzi walijipanga mistari wakaimba wimbo wa taifa, kila mstari ukiwa mbele ya mwenzake kwa neno moja. Kisha wakubwa walivua majambia yao viunoni na kuyaweka juu ya meza ya mwalimu mkuu, kwa sababu sheria ilikataza silaha darasani. Meza ilimetameta fedha kama duka la sonara. Ndipo masomo yakaanza.

Nasema wakubwa kwa sababu walikuwa wakubwa. Nchi ile ilikuwa imekaa muda mrefu bila shule, na zilipofunguliwa walikuja wote, mtoto na baba yake. Mzee Hamudi, yule mwenye mvi, alikuwa darasa la pili. Mwanawe alikuwa la tatu. Nyumbani mwana alimsahihisha baba, na shuleni baba alimkimbiza mwana. Darasa la pili walisoma Kiingereza kama walivyosoma Kurani, kwa kutikisika, kwa sauti moja, bila kuacha hata nukta. Hata Bakari alipokohoa, darasa zima lilikohoa.

Nisingeweza kuvumilia suruali siku mbili. Baada ya swala ya alasiri nilimkalisha Bakari juu ya mkeka, nikamfundisha somo la kesho: mimi ni mwanafunzi, hiki ni kitabu, yule ni baba yangu. Alikuwa mwanafunzi mzuri, namshuhudia. Alirudia mpaka ulimi ukalainika, na asubuhi nikiwa darini nilisikia maneno yangu yakitoka bandani kwa sauti za wanaume arubaini: mimi ni mwanafunzi, hiki ni kitabu. Hivyo nikawa nafundisha shule ya wavulana Nizwa kwa kinywa cha fundi cherehani, na wala hapakuwa na aliyelalamika. Ustadh Fathi alikuja kusikiliza somo, akatoka akisema hajasikia Kiingereza fasaha kama kile. Kiingereza chake mwenyewe kilikuwa maneno matatu, na mojawapo ni asante.

Wanawake wa mtaani walikuja kunisalimu na kahawa na tende. Waliniuliza nafanya nini siku nzima. Nikasema mimi ni mwalimu. Wakatikisa vichwa kwa upole, wakanisogezea tende, mmoja akaniambia mume wangu ana bahati kupata mke anayejivunia kazi yake.

Bakari alianza kubadilika. Alitembea taratibu. Njiani watu walimpisha, muuza halua alimpimia zaidi, na mafundi fedha wa sokoni walimwita "Ustadh, Ustadh" akanywe kahawa. Alikuwa hajui kwamba ukitosheka unatikisa kikombe, kwa hiyo alishukuru tu, na kila aliposhukuru walimmiminia. Alirudi nyumbani macho yamemtoka, hana usingizi, anataka tuzungumze habari za elimu.

"Umemwambia mwalimu mkuu?"

"Kesho."

Zikapita kesho za wiki tatu.

Siku moja Khalfan akarudi Nizwa na mizigo ya shule, akapita kutusalimu. Akakaa kizingitini akinywa chai, na Bakari kando yake.

"Huko Sur kuna matata," akasema. "Wanamngoja mwalimu wa Kiingereza, hajafika mpaka leo. Mwalimu mkuu mwanamke amepiga simu ofisini mpaka amechoka. Wasichana wanakaa tu. Baba zao wameanza kuwatoa shule, wanasema kama hakuna masomo warudi nyumbani wakateke maji. Wengine wameshaposwa."

Nikamtazama Bakari. Alikuwa akitazama ndani ya kikombe.

"Khalfan," nikasema, "huyo mwalimu anayengojwa Sur anaitwa nani?"

"Nasikia naye anaitwa Nuru. Labda ndugu yenu."

Alipokwenda zake kwa jamaa yake alikofikia, nilipanda darini kuanika nguo. Bakari akanifuata. Nilijua bila yeye siwezi kupanda gari, na yeye alijua.

"Nitamwambia kesho," akasema.

"Kesho ipi, Baba Zuhura? Zimekwisha nyingi."

Alinipa kanzu yake niianike. Kisha akasema, "Mama Zuhura, nikiingia pale watu wanasimama. Mzee Hamudi anasimama, na ana umri wa kaka yangu. Dukani ni mimi niliyekuwa nikisimama na mteja anakaa."

"Najua."

"Hujui. Wewe umesimamiwa tangu usichana wako."

Ilikuwa kweli, na sikuwahi kuifikiria. Nilianika kanzu yake, nikaibana vizuri, nikashuka nikapike. Siku hiyo baada ya alasiri sikumfundisha somo, wala yeye hakuliuliza.

Asubuhi alivaa kanzu, hakuvaa lile koti alilozoea kufundishia. Nilimwona kutoka darini akivuka kiwanja kabla ya wanafunzi kujipanga, akamfikia Ustadh Fathi mezani penye majambia. Niliona mikono ya Bakari ikisema, na kichwa cha mwalimu mkuu kikicheka. Baadaye niliambiwa alichojibiwa: kwamba mwanachuoni wa kweli hujidunisha. Kila alivyosema mimi si mwalimu, ndivyo alivyozidi kuonekana mwalimu. Mwishowe akamshika mwalimu mkuu mkono, kama yeye alivyoshikwa siku ya kwanza, akamleta mlangoni kwetu.

Nikasimama nyuma ya mlango ulio wazi nusu, nikamsemesha Ustadh Fathi kwa Kiingereza. Nikaendelea muda mrefu. Nadhani nilimsomea hata shairi la kutambia. Alipokuwa amekwisha kuelewa, si maneno bali jambo lenyewe, alikaa juu ya ngazi akapangusa uso.

"Sitti," akasema kwa Kiarabu cha pole pole ili nimfuate, "wanafunzi wanaendelea vizuri. Wewe unatayarisha, yeye anasema. Serikali nyingi zinafanya kazi hivyo. Kwa nini tuharibu?"

Jambo la ajabu ni kwamba hakuwa na ubaya. Alikuwa na shule ya mahema, na mwalimu mmoja aliyepatikana kwa kosa, na hakutaka kosa lisahihishwe. Sikutaka kumwamulia Bakari mbele ya mtu. Alikuwa amesimama kati yetu kizingitini, na bandani wanafunzi walikuwa wameshaanza kulitaja somo la jana wenyewe, bila mwalimu.

"Ustadh," Bakari akasema, "wewe ulikuwa unamngoja mtu. Wasichana wa Sur wanamngoja mtu. Mtu mwenyewe ni mmoja, na si mimi."

Siku ya kuondoka darasa la pili walitoka wote mpaka kwenye gari. Mzee Hamudi alileta halua ndani ya bakuli, akasimama mbele ya Bakari amenyooka, akagusa shingo ya kanzu yake mwenyewe, akasema, "Kola." Kanzu ya Kiomani haina kola. Bakari akamwitikia, "Ndiyo, mzee wangu, kola," kisha akaingia garini upesi. Safari hii alikaa nyuma na masanduku.

Nizwa hadi Ibra

Njia ya kwenda mashariki wakati ule ilikuwa mawe na mchanga, na Khalfan aliijua kwa kuhisi. Tulipita Izki, tukafika Sinaw siku ya soko, ngamia wamepakiwa kwenye magari madogo, shingo zimetoka kama wageni wenye kiburi. Tukachelewa pale kwa sababu Khalfan alikutana na binamu yake, na binamu alikuwa na mbuzi wa kupelekwa Ibra. Mbuzi akawekwa nyuma. Bakari na mbuzi walitazamana njia nzima, hakuna aliyesema neno.

Ibra tulilala kwa watu wa Unguja, jamaa wa mke wa Khalfan. Mwenye nyumba alikuwa Bi Zuwena, mwanamke wa makamo ya mamangu, mwenye kanga mbili na miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo bibi," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu." Akanishika mikono yote miwili, hakuniachia. "Sema tena, nisikie."

Nikasema tena. Alikuwa na wajukuu wanne, na Kiswahili chao kilikuwa kimekatika miguu. "Bibi, viti hii imevunjika," mmoja akasema. "Kiti hiki kimevunjika," Bi Zuwena akamrekebisha, kwa sauti ya mtu anayechota maji kwa pakacha. Akanigeukia. "Unguja tukiitwa Waarabu. Tumekuja kwetu Uarabuni, twaitwa Wazinjibari. Nangoja ahera nijue huko nitaitwa nani."

Akatupikia wali wa nazi. Tangu tufike nchi ile sikuwa nimeonja nazi, na nikamwuliza kaipata wapi katikati ya mitende. Akasema yatoka Salala, kusini, dereva mmoja humletea magunia, na yeye huyaficha chini ya kitanda kwa sababu majirani wakijua watamwomba. Nilikula mpaka nikaona haya.

Wanaume walikuwa chumba cha pili, pazia tu katikati. Khalfan alikuwa ameshawaambia wageni ni walimu, na wao walielewa mwalimu ni Bakari. Nikamsikia akiulizwa habari za shule za Nizwa. Nikangoja aseme. Akakohoa, kisha akaanza kueleza kwamba vijana wa Nizwa ni wasikivu, ila matamshi yao yataka subira.

Bi Zuwena akainua kichwa. "Mumeo ni mwalimu?"

"Ni fundi cherehani."

"Mbona nasikia anasema—"

"Amesahau kidogo."

Akatafuna, akafikiri. "Mwache. Marehemu mume wangu tulipofika hapa aliwaambia watu alikuwa na mashamba ya mikarafuu, miti haihesabiki. Tulikuwa na duka la chumvi Mwembetanga. Mimi nilinyamaza. Basi miaka yote wakaja kuniuliza mimi bei ya karafuu."

Al Qabil, ambako hatukukusudia kusimama

Baada ya Ibra springi ya gari ilikatika karibu na Al Qabil. Khalfan akapata lifti kurudi kutafuta nyingine, akatuacha kwa mwenye shamba la mitende aliyetukaribisha bila kutuuliza jina. Tulikaa pale siku mbili. Mimi niliketi na wake zake kuchambua tende, na Bakari alikaa na mwenye shamba kando ya mfereji, upande wa pili wa ukuta mfupi wa udongo, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Siku ya kwanza walizungumza mvua. Siku ya pili mwenye shamba akamwuliza anafanya kazi gani.

Mimi nikaacha kuchambua, tende mkononi.

"Mke wangu ni mwalimu," akasema. "Nampeleka Sur. Mimi ni mume wa mwalimu."

Mwenye shamba akalipokea jambo hilo kama alivyoipokea mvua. "Kazi nzito," akasema.

"Nzito," Bakari akakubali.

Wakaendelea kukaa. Baadaye akaongeza kwamba yeye mwenyewe ni fundi wa nguo, na mwenye shamba akamwambia basi huko pwani hutakosa riziki, wanawake wa Sur wanapenda mavazi. Aliporudi upande wetu kuja kula alinikuta bado nachambua tende.

"Ulisikia," akasema.

"Ukuta ni mfupi."

Akala tende zangu tatu nilizokwisha kuzichambua, akatoka kuswali.

Springi ikaja, ikafungwa. Khalfan akapita njia ya Jalan Bani Bu Hassan kwa sababu alikuwa na salamu za kufikisha, na salamu zile zilichukua nusu siku na kilo nyingi za wali. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa ya kufika kokote, na sikukasirika. Nilianza kuihisi chumvi hewani, nikafungua dirisha.

Sur

Shule ya wasichana ilikuwa nyumba kuukuu ya mfanyabiashara, karibu na ghuba, yenye milango ya kunakshi na mnazi mmoja uani uliokonda. Mwalimu mkuu, Sitt Widadi, alikuwa Mjordani, mwembamba, amevaa saa mbili, moja kila mkono, kwa sababu hakuiamini hata moja. Mlinzi alimzuia Bakari langoni. Mwanamume haingii. Akakaa nje juu ya sanduku, na mimi nikaingia peke yangu.

"Mumeo Ustadh Nuru yuko wapi?" Sitt Widadi akaniuliza. "Na nani amemtuma mwanamume kwenye shule yangu?"

"Nuru ni mimi."

Akanitazama, akatazama dirishani alipo Bakari. "Na yule?"

"Ni mahrimu wangu."

"Umechelewa mwezi mzima."

"Tulikuwa tukifundisha Nizwa."

Aliona maelezo yangekuwa marefu, akatazama saa ya kulia kisha ya kushoto, akaniambia darasa la nne linaningoja. Nikamwuliza wamebaki wangapi. Akasema waliobaki wanatosha, na wengine atawafuata yeye mwenyewe majumbani, sasa ana kitu cha kuwaonyesha baba zao. Alifanya hivyo. Wiki ile alipita mlango kwa mlango akanitembeza kama bibi arusi, na wengi walirudi. Wawili walikuwa wameshaolewa. Mmoja wao alirudi baadaye na mtoto mchanga, akimlaza kwenye mkeka nyuma ya darasa, na akilia tulimpokezana mikononi huku tukitaja vitenzi.

Niliizoea shule ile. Asubuhi Sitt Widadi alipita mistarini na rula kukagua kucha, akakuta hina, akaguna, akaendelea, maana angewarudisha wote. Mapumziko wasichana walinunua dango, yaani dengu kubwa, zilizochemshwa na pilipili, wakaninunulia na mimi, na ilikuwa vigumu kuwagombeza baada ya hapo. Walihifadhi kila kitu. Ukiwaambia "fungueni kitabu ukurasa wa tano", walirudia hilo nalo, kisha wakafungua. Bakari alipata cherehani barazani pa duka la vitambaa na wateja hawakumpa nafasi ya kungoja. Pale mjini walimwita mume wa mwalimu kwa miaka miwili, na sikumsikia akilalamika, ingawa nilimwona mara moja moja akinyoosha mgongo mtu akipita na vitabu.

Lakini mlichoniuliza ni siku ya kwanza, basi namalizia nayo.

Nilipanda ngazi za darasa la nne nikiwa na vumbi la njia nzima kwenye viatu. Nilijitengeneza ushungi mlangoni. Nikautengeneza tena, mimi niliyekwisha kuingia madarasa yasiyo na idadi. Nikafungua mlango. Wakainuka wote kwa mara moja, wamenyooka, macho ya wanja yamenikazia, na kwa sauti moja wakatamka salamu waliyofundishwa na kaka zao wanaosoma shule ya wavulana:

"Gudi moning, sa."

Mchana nilitoka nikamkuta Bakari bado langoni juu ya sanduku, mlinzi amemletea chai. Nikamsimulia. Alianza kucheka polepole, kisha akaweka kikombe chini, akacheka mpaka akashika ubavu, na mlinzi naye akacheka bila kujua kwa nini. Tangu Nizwa sikuwa nimemsikia akicheka.

"Bwana mwalimu," akasema akipangusa macho. "Na wewe ukafanyaje?"

"Nikaitika."

"Ukaitika?"

"Walikuwa wamesimama wote, Baba Zuhura. Ningefanyaje?"

Akanitazama, hakucheka tena. Akainuka, akajitwisha sanduku kubwa, akanipa dogo, tukaenda kutafuta nyumba yetu.